Joomla na menyu yake ya usimamizi: uhakiki wa kisemantiki

0. Utangulizi

Joomla ni programu ya kusimamia tovuti iliyozaliwa mwaka 2005, waundaji wake walipojitenga na mradi wa Mambo. Jina lake ni neno letu "jumla", lililovikwa tahajia ya Kiingereza. Programu iliyojiita hivyo imeahidi kuweka mambo yote pamoja. Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki jinsi ahadi hiyo inavyotimizwa katika menyu ya usimamizi, yaani orodha ya majina ambayo msimamizi huipitia ili aifikie kazi anayotaka kuifanya. Menyu ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya uchoraji. Ndiyo maana inamhusu mwanaisimu.

1. Mzazi na mtoto katika safu moja

Katika toleo la 3, la mwaka 2012, menyu ilikaa juu ya ukurasa. Vichwa vyake twaweza kuvitafsiri hivi: Mfumo, Watumiaji, Menyu, Maudhui, Vijenzi, Viendelezi na Msaada. Kwa istilahi ya programu yenyewe, kijenzi ni aina mojawapo ya kiendelezi, sawa na moduli na kiolezo. Hata hivyo viwili hivyo viliwekwa bega kwa bega kama ndugu, ilhali kimoja kimo ndani ya kingine. Ni kama mchuuzi anayetundika vibao vitatu: "Samaki", "Matunda" na "Maembe".

Isitoshe, makala, watumiaji na menyu zenyewe huendeshwa na vijenzi. Kwa hiyo kichwa "Vijenzi" hakina maana nyingine ila "vijenzi vilivyobaki". Ndani yake tunakuta matangazo ya biashara na anwani za mawasiliano, vitu visivyo na undugu isipokuwa namna vilivyoundwa. Uainishaji huu ni wa fundi, haumhusu mwandishi.

2. Matengenezo ya mwaka 2021

Toleo la 4, lililotoka Agosti 2021, liliihamishia menyu kushoto mwa ukurasa, kama WordPress ilivyokwisha kufanya katika toleo la 2.7 la Desemba 2008. Uhamisho huo wafaa, kwa kuwa majina yaliyopangwa wima husomeka upesi na orodha huweza kurefuka bila kubanana. La maana zaidi, kichwa "Viendelezi" kiliondolewa na shughuli za kiufundi zikakusanywa chini ya "Mfumo". Moduli za tovuti nazo ziliwekwa chini ya "Maudhui", mahali ambapo mwandishi angezitafuta.

Lakini "Vijenzi" kimebaki. Yawezekana kukitetea: watu wa nje huongeza kazi ambazo mbunifu hawezi kuzitabiri, nazo hazina budi kupata pa kukaa. Haja hiyo tunaikubali, jina hatulikubali.

3. Nani anayeumia?

Tumfikirie katibu wa idara anayetaka kusahihisha namba ya simu kwenye tovuti. Kwa mgeni, namba hiyo ni moja. Kwa msimamizi, yaweza kuwa ndani ya makala, ndani ya moduli au katika kijenzi cha mawasiliano. Menyu haimwulizi anataka kufanya nini. Yamwuliza kitu hicho kiliundwaje, swali asiloweza kulijibu. Basi humngoja fundi, na namba mbovu huendelea kusomwa. Tovuti nyingi hazifi kwa kukosa mashine, bali kwa sababu mwenye habari haoni mlango wa kuingilia.

4. Hitimisho

Kiswahili kina dawa iliyo karibu: kitenzi-jina. Vichwa kama "Kuandika", "Kupanga kurasa", "Kusajili watu" na "Kutunza mfumo" hutaja kazi, havitaji kiungo cha mashine. Pengine vitaonekana virefu. Hata hivyo urefu wa silabi mbili ni afadhali kuliko ufupi usioeleweka. Aidha, tangu toleo la 3.7 la mwaka 2017, msimamizi mkuu aweza kujitungia menyu yake ya usimamizi. Kwa hiyo hatulazimiki kuwangoja waundaji. Idara za Kiswahili, zilizo na watu waliozoea kupima maana za maneno, ndizo zingepaswa kuanza. Hapo ndipo neno "jumla" litakapostahili kuandikwa juu ya mlango.