Kivuli Chini ya Jeli

Jeli ni ya baridi. Mpimaji anayeijua kazi yake huomba radhi kwanza, "Samahani mama, itakushtua kidogo," ndipo anaposhusha probu ya ultrasaundi juu ya titi. Mama amelaza kiganja nyuma ya kichwa, macho kayakaza darini. Niliwahi kusimama kando ya kitanda kama hicho, na nilichokitazama zaidi ni mkono wa mpimaji, kuliko kioo cha mashine.

Sauti itokayo kwenye probu hutetema mara milioni 10 na zaidi kwa sekunde; sikio haliipati. Inazama, inagonga nyama, inarudi na habari. Maji huonekana meusi tii, tezi hung'aa. John Wild na John Reid walianza kuyachungulia matiti hivyo huko Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Faibroadenoma, uvimbe mpole wa kila siku, haimsumbui mzoefu: imelala sambamba na ngozi kama yai, kingo laini, ukiisukuma inateleza. Hamatoma ni adimu zaidi, mafuta na tezi ndani ya ganda jembamba. Madaktari huiita titi ndani ya titi.

Mtihani ni uvimbe wa seli za chembechembe, alioueleza Mrusi Abrikossoff mwaka 1926. Huota kwenye seli zinazofunika neva, na karibu kila mara si saratani. Ila kwenye kioo huvaa mavazi yote ya saratani: kingo zenye miiba, umbo la ovyo, kivuli cheusi kikishuka chini yake. Mwenye papara atamtangazia mama msiba. Fundi hukandamiza kidogo, huinamisha probu, huigeuza nyuzi 90, aone kama kivuli kitabaki au kilizushwa na pembe ya mkono wake. Kikibaki, huandika daraja la 4, yaani la shaka: achukuliwe kinyama, kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Sindano nayo huongozwa kwa kioo hichohicho, lakini hukumu hutoka kwa mtu wa patholojia, mwenye darubini. Mimi huona fahari ya ufundi huu iko hapo, kwenye kukiri bila haya kwamba picha imefika mwisho wake.

Mama alifuta jeli kwa tishu. "Ni saratani, daktari?"

"Bado sijui, mama. Tusubiri kinyama."

Ukijibiwa hivyo, dada yangu, usikimbilie mashine nyingine wala kwa mganga. Rudi siku uliyopangiwa.