Uaminifu wa Filamu kwa Kitabu cha Picha: Black Panther na Hadhira ya Kibuye

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu huziacha filamu za mashujaa wa ajabu nje ya taaluma yao, kwa hoja kwamba hizo ni burudani ya kigeni isiyo na mizizi katika jamii. Hoja hiyo hapana budi ichunguzwe upya. Mnamo Februari 2018 mji wa Kisumu ulifanyiwa onyesho maalumu la filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler. Ndani yake Lupita Nyong'o, binti wa gavana Anyang' Nyong'o, aliigiza kama Nakia. Kwa hadhira ya Kibuye, soko ambalo kila Jumapili hufurika wauzaji na wanunuzi wa mitumba, samaki na samani, filamu hiyo ilikuja ikiwa na jina la nyumbani. Je, mshabiki anapoisifu filamu kwamba imekifuata kitabu, anasifu nini hasa?

Kitabu chenyewe kina historia ndefu. T'Challa, mfalme wa Wakanda, alibuniwa na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, akatokea mara ya kwanza mwaka 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four. Mwaka 1973 Don McGregor alianza kuandika mfululizo wa Panther's Rage katika jarida la Jungle Action, na humo ndimo alimozaliwa hasimu mkuu, Erik Killmonger. Katika mfululizo huo Killmonger anapambana na mfalme kwenye maporomoko ya maji na kumtupa bondeni. Tukio hilo limo katika filamu. Msomaji wa zamani anayeliona kwenye pazia hashangazwi na jambo jipya. Anafurahia kukutana na analolijua. Furaha hiyo si ngeni kwa wanafunzi wa fasihi simulizi. Mtoto aliyesikia ngano mara kumi huungojea wimbo wake mara ya kumi na moja, na mtambaji akiuruka, humkatiza.

Hata hivyo, filamu hii imeruka mengi, na mshabiki hakuikatiza. M'Baku, aliyeingia vitabuni mwaka 1969, alipewa humo jina la kumfananisha mtu na nyani. Filamu imelitupa jina hilo, ikamfanya kiongozi mwenye busara na mzaha. Dora Milaje, walinzi wa kike walioletwa na Christopher Priest mwaka 1998, kitabuni walihesabiwa kuwa wachumba wa mfalme. Katika filamu ni askari tu, na heshima yao ni ya mkuki. Laiti uaminifu ungekuwa ni kunakili, mabadiliko haya yangekuwa makosa. Kwa hakika ndiyo yanayoiokoa kazi, kwa kuwa kulinakili tusi ni kulirudia.

Badiliko kubwa zaidi limo katika maudhui. Katika hadithi ya McGregor, T'Challa analaumiwa kwa kuwaacha watu wake na kwenda Marekani kupigana vita vya wengine. Katika filamu lawama imegeuzwa: Wakanda imejificha na utajiri wake, huku watu weusi wa nje wakiteseka. Killmonger wa filamu, aliyekulia Oakland bila baba, ndiye mdai wa deni hilo. Shtaka limepinduliwa, lakini swali ni lile lile: mfalme ana deni kwa nani? Hapo ndipo ulipo uaminifu wa Coogler. Ameyabadili majibu, akalilinda swali.

Hadhira ya Kibuye, ambayo kwa sehemu kubwa haikulelewa na Jungle Action, nayo ina lake la kutambua. Katika uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu, husimuliwa habari za Lwanda Magere, shujaa wa Kiluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa katika kivuli. Adui walimwoza binti yao. Mke huyo akaijua siri alipomuuguza, akaipeleka kwao. Hadithi hiyo ilitolewa kwa michoro katika mfululizo wa Pichadithi miaka ya 1980. Pwani nako, Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. T'Challa anayeivuliwa nguvu ya mmea kabla ya pambano, kisha akaangushwa na binamu yake, ni wa ukoo huo wa mashujaa ambao adui wao hutoka ndani. Tofauti ni kwamba Magere na Liyongo hawakurudi. T'Challa alirudi, kwa sababu kitabu cha picha hakina budi kuwa na toleo lijalo.

Upungufu wa filamu uko katika lugha. Watu wa Wakanda huzungumza Kiingereza na Kixhosa, na mtazamaji wa Kisumu huachwa asome maandishi chini ya picha. Pengo la namna hiyo hujazwa na wasimulizi wa filamu, ambao maarufu miongoni mwao nchini Kenya ni DJ Afro. Hao husimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani, wakiwapachika wahusika majina mapya na kutia vichekesho. Msomi huweza kusema kwamba wanaiharibu kazi. Lakini wafanyalo ndilo alilofanya Coogler kwa McGregor: kuyaacha maneno ili kisa kiwafikie wasikilizaji walioko.

Kwa hiyo mshabiki ni mhakiki asiye na istilahi. Anajua lipi likibadilishwa hadithi itabaki, na lipi likiondolewa itakufa. Huo ndio msingi wa uhakiki wa fasihi simulizi. Yafaa idara za lugha zimsikilize, hasa kwa ajili ya Magere. Yeyote atakayempeleka shujaa huyo kwenye pazia atapimwa na watazamaji wasiohitaji kufungua kitabu. Wakimkosa mke aliyeumizwa na siri aliyokabidhiwa, wakaona misuli na mikuki tu, watasema kwamba huyo siye, na watakuwa wamesema kweli.