Fundi wa Mvuke

Voi, taulo iliyoanikwa bafuni asubuhi huwa imekauka kufikia saa sita. Panda Werugha, kwenye milima ya Taita, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeufunika msitu wa Ngangao, na taulo hiyo hiyo utaikuta mbichi kesho yake. Dirisha la bafu halifunguliwi kwa sababu ya baridi, shawa ya umeme inafuka mvuke, na pembeni mwa dari kuvu nyeusi imeanza kutambaa. Ndiyo maana namvulia kofia fundi wa stima anayejua kuifanya feni ya bafu ijiwashe na kujizima yenyewe huku milimani.

Vifaa si hoja, vinapatikana. Kazi ni kuvizoesha mahali. Kihisi cha unyevu huja kimepangwa, tuseme, hivi: unyevu ukipita asilimia 65, feni iwake. Kwa Voi, sawa. Werugha, siku ya ukungu hewa ya nje yenyewe inakaribia asilimia 100, na feni yenye amri hiyo itavuma kutwa kucha mpaka mwenye nyumba aing'oe. Fundi mzuri hatazami kiwango, hutazama kasi: unyevu ukiruka ghafla ndani ya dakika mbili tatu, hapo kuna mtu anaoga. Kihisi cha pili hukaa sebuleni. Unyevu wa bafu ukikaribiana na wa sebule, feni inanyamaza.

Sasa, kutoa mvuke na kuingiza ukungu kuna faida gani? Swali hili watu huliuliza kwa kejeli, nami nalipenda jibu lake. Hewa ya ukungu ya nyuzi 12 hubeba gramu 11 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Bafu lililotoka kuogewa, lenye nyuzi 25, laweza kubeba gramu 23. Hewa ile ya nje ikiingia na kupata joto la nyumba, tuseme nyuzi 20, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 60. Ukungu wa Taita unakausha bafu!

Mradi tu hewa ipate pa kupita. Fundi huupunguza mlango kwa chini, upana wa kidole, kisha hulielekeza bomba la feni nje kabisa, si darini, likiinama kidogo ili matone yasirudi ndani. Akimaliza hushika kipande cha karatasi ya chooni mbele ya feni. Ikinata, ameridhika; ikianguka, anarudi kwenye ngazi.

Taa ina vituko vyake. Kihisi mwendo huona joto linalosogea, na hakioni kupitia kioo, kwa hiyo anayeoga nyuma ya kioo huzimiwa taa akiwa na povu machoni. Dawa yake ni kuoanisha: maadamu unyevu unapanda, taa haizimwi. Usiku wa manane huwaka hafifu tu, mtu aone njia bila kupoteza usingizi.

Amri zote hukaa kwenye kidude kilichomo humo humo nyumbani, na swichi ya ukutani imeachwa ikifanya kazi kwa ajili ya nyanya na wageni wasiotaka kubembelezana na bafu. Intaneti ikipotea, feni haina habari. Stima ikikatika kisha ikarudi, kidude huamka na mipangilio yake yote, husubiri kidogo umeme utulie, ndipo kiwashe kitu.