Mbiti na kesho ya Mwafrika

Mwaka 1969, mwanateolojia John Mbiti alichapisha African Religions and Philosophy. Aliazima maneno mawili ya Kiswahili, ‘sasa’ na ‘zamani’, akadai kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Ushahidi wake ulikuwa njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu.

Kitabu chenyewe ni hazina; kiliwarudishia heshima wahenga walioitwa washenzi. Ila hoja hii, jamani, inayumba. ‘Zamani’ ina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni wakati tu. Ndiyo maana tunasema ‘zama zijazo’. Nacho kiambishi ‘-ta-’ hakina mpaka: ‘nitarudi’ yaweza kuwa leo jioni au baada ya miaka hamsini.

Hapa Nyacheki mzee hupanda mti akijua atakayepasua mbao ni mjukuu. Mbiti angesema fikra hiyo imeletwa na kanisa na shule. Huenda. Lakini basi athibitishe kwa matendo ya watu, si kwa njeo. Mhakiki wa vitabu vya dini asiogope kumuuliza hata kasisi: neno hili umelitoa wapi?