Amri, Uweza au Mamlaka: Neno Moja la Injili katika Tafsiri za Kiswahili

Hoja ninayoileta hapa sikuianza darasani. Nimekulia Busia, upande wa Uganda, katika nyumba ya Waganda. Nyumbani Biblia ilikuwa ya Kiganda, lakini kanisani tulisali kwa Kiswahili, kwa kuwa waumini walikuwa Wasamia, Wateso, Wajaluo, Waganda, na wafanyabiashara waliovuka kutoka Kenya siku ya Jumapili kama walivyovuka siku ya soko. Mwaka mmoja mama yangu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Yeye na wenzake walimwomba mchungaji awaonyeshe hesabu za michango ya mabati. Mchungaji hakusema ndiyo wala hapana. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya makuhani wakuu waliomfuata Yesu hekaluni kumwuliza ametoa wapi amri ya kufanya aliyoyafanya. Kisha akarukia mwisho wa Injili ya Mathayo, penye neno mamlaka, akatuambia kwamba Yesu amepewa mamlaka, naye Yesu amewapa watumishi wake; kwa hiyo anayemhoji mtumishi amesimama upande wa makuhani. Kabla ya Pasaka mama hakuwa tena mweka hazina.

Nimekitaja kisa hiki ili msomaji ajue ninapotokea, si kwa kumshtaki mtu. Lakini tangu nianze somo la tafsiri nimejiuliza kama mahubiri yale yangewezekana katika Biblia ya mama. Nadhani yangekuwa magumu zaidi. Katika makala haya ninadai kwamba mamlaka ya Yesu, jinsi Injili zinavyoyasimulia, yamefichwa nusu na maneno ambayo wafasiri wetu walichagua, hasa neno amri.

Neno la Kigiriki linalohusika ni exousia. Limetokana na kitenzi chenye maana ya "inaruhusiwa" au "yawezekana", kitenzi kile kile ambacho tafsiri ya Union hukipatia neno halali katika mabishano ya Sabato. Kwa hiyo mwenye exousia ni mtu aliye huru kutenda jambo kwa haki, bila kuzuiwa. Neno lina uwezo ndani yake, na pia lina ruhusa. Tafsiri ya Union, iliyotolewa ikiwa Biblia nzima mwaka 1952 na ambayo bado ndiyo inayosomwa katika makanisa mengi ya Kiprotestanti, inalifasiri kwa angalau maneno manne. Katika Mathayo 7:29 na Marko 1:22 ni amri. Katika Marko 1:27 ni uweza. Katika Mathayo 28:18 ni mamlaka. Ibilisi anapomwonyesha Yesu milki za ulimwengu katika Luka 4:6, anachomwahidi ni enzi. Msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba Ibilisi alimwahidi Yesu kitu kile kile ambacho baadaye Yesu anasema amekwisha kupewa, tena bila kumsujudia mtu yeyote.

Katika Kiganda mahali pote hapo pana neno moja, obuyinza, kutokana na kitenzi kuyinza, yaani kuweza. Biblia nzima ya Kiganda ilichapishwa mwaka 1896, kazi iliyoongozwa na George Pilkington akishirikiana na Henry Wright Duta. Inafaa kukumbuka kwamba wasomaji wa kwanza wa Buganda walifundishwa kwa Injili za Kiswahili kabla hawajapata zao. Walikuwa na neno la pwani mikononi, wakaacha kulikopa, wakatumia la kwao. Sidai kwamba Kiganda kimetatua kila kitu, maana obuyinza pia ni neno la serikali na la polisi. Faida yake ni kwamba linarudi. Anayelisikia mara kumi hulitambua mara ya kumi na moja.

Tazama linavyopotea kwa Kiswahili katika Marko 1. Katika aya ya 22 watu wa Kapernaumu wanashangaa kwa sababu Yesu anafundisha akiwa na kitu fulani, na kitu hicho Union inakiita amri. Aya tano baadaye, pepo ametolewa, watu wale wale wanashangaa tena na kutaja kitu kile kile, lakini sasa kinaitwa uweza. Marko amejenga kisa kizima juu ya kurudia huku: kilichosikika katika mafundisho ndicho kilichomtoa pepo. Kwa Kiswahili tunapata mambo mawili, mwalimu mwenye amri na mtenda miujiza mwenye uweza, na wahubiri wetu wengi wanamhubiri huyu wa pili na kumsahau wa kwanza.

Lakini kasoro kubwa iko katika Mathayo 7:29, mwishoni mwa Hotuba ya Mlimani. Msomaji wa leo anapokuta kwamba Yesu alifundisha kama mwenye amri, anasikia nini? Anasikia Amri Kumi. Anasikia amri ya mahakama, na amiri jeshi. Tena neno hilo hilo amri ndilo Union inalolitumia katika Yohana 13:34 kwa amri mpya ya upendo, ambapo Kigiriki kina neno jingine kabisa. Basi anahitimisha kwamba watu walishangaa kwa sababu Yesu alitoa maagizo kwa ukali. Sasa jiulize: waandishi, ambao Yesu analinganishwa nao hapo, walikosa maagizo? Walikuwa nayo mengi kuliko mtu yeyote. Kama kutoa amri ndiko kulikowashangaza watu, wangewashangaa waandishi.

(Na hilo neno waandishi lina matatizo yake. Mdogo wangu aliwahi kuniuliza waandishi wa habari walimkosea nini Yesu. Tafsiri ya Habari Njema imefanya vyema kusema walimu wa Sheria.)

Tofauti iko katika namna ya kusema. Katika mapokeo ya walimu wa Kiyahudi, kama tunavyoyakuta yamekusanywa katika Mishna karibu mwaka 200, mwalimu huegemea majina: Hillel alisema hivi, shule ya Shammai ikasema vile. Ni njia ya heshima, na kusema kweli ni njia yetu pia. Sisi tunaoandika makala kama haya ni waandishi kweli kweli. Hatuthubutu kusema kwamba mvua inanyesha mpaka tupate mtaalamu aliyeisema kabla yetu. Yesu wa Mathayo 5 haegemei jina lolote. Mara sita anataja lililosemwa zamani, na mara sita anaweka neno lake kando yake. Kwa mwanafunzi wa sarufi kuna jambo la kuangalia hapo. Kitenzi cha Kiswahili tayari kina kiambishi cha nafsi, na ni- inatosha. Wafasiri wa Union wameongeza kiwakilishi mimi mbele ya kitenzi kwa sababu Kigiriki nacho kimefanya hivyo, mahali ambapo hakikuhitaji. Katika mimi huyo ndimo exousia ilimo. Ongeza neno Amin, ambalo sisi huliweka mwisho wa sala ya mtu mwingine kuonyesha tumekubali, lakini yeye huliweka mwanzo wa maneno yake mwenyewe. Wafasiri waliyaona hayo yote na kuyatafsiri vizuri sana, kisha walipofika kwenye neno la kuyataja kwa jumla wakaandika amri. Naliona kama kosa dogo mwishoni mwa kazi nzuri, lakini ndilo ambalo wengi hulikumbuka.

Mathayo 10:1 ni mbaya zaidi. Yesu anawaita wale kumi na wawili na kuwapa exousia juu ya pepo wachafu. Union inasema aliwapa amri. Kwa Kiswahili cha leo, kumpa mtu amri ni kumwamuru. Niliwasomea wanafunzi wenzangu wanne aya hiyo bila kuwaeleza chochote. Watatu walielewa kwamba Yesu aliwaagiza wanafunzi jambo fulani kuhusu pepo. Maana imegeuka juu chini: waliokuwa wanapewa uhuru wa kutenda wamekuwa watu wanaopokea maagizo. Na kuna jambo ambalo mchungaji wetu angelikuta hapo kama angetulia. Katika aya hiyo wanafunzi wanapewa uwezo juu ya pepo na magonjwa. Katika Luka 10:19 ni juu ya nyoka na nge. Sijaona mahali katika Injili ambapo Yesu anawapa exousia juu ya waumini wenzao.

Mwalimu wangu wa tafsiri hakukubaliana nami. Alinikumbusha kwamba wafasiri wa Union waliandika kwa Kiswahili cha zamani zao, ambamo amri ilikuwa pana kuliko sasa, na kwamba hata leo kwenye msiba tunasema ni amri ya Mungu bila kumaanisha kwamba Mungu ametoa agizo. Tunamaanisha kwamba jambo liko mikononi mwake. Hoja hiyo ina nguvu, na imenifanya nipunguze ukali wa rasimu yangu ya kwanza. Hata hivyo haimsaidii mtu aliyeketi kanisani Jumapili hii. Neno likishapungua maana mdomoni mwa watu, Biblia haiwezi kulirudishia upana wake peke yake.

Tena nakiri kwamba kuna mahali ambapo amri inafaa kuliko neno jingine lolote, napo ni pale pale mchungaji alipopahubiri, Mathayo 21:23. Makuhani wanamkuta Yesu anafundisha hekaluni, siku moja baada ya kuwafukuza wafanyabiashara. Swali lao ni swali la ofisi: nani kakutuma, barua yako iko wapi? Kwa amri ya nani ndilo swali ambalo kila mchuuzi wa Busia amewahi kuulizwa. Habari Njema, inayopenda mamlaka, imekuwa sahihi zaidi hapo lakini imepoteza ladha hiyo. Na mamlaka nalo si neno safi. Kwa asili yake ya Kiarabu ni ufalme, na kwa matumizi ya sasa ni shirika. Kwetu mpakani, ukisema mamlaka wamekuja, watu hawaangalii juu mbinguni, wanaficha mzigo. Mamlaka ya Mapato imelichukua neno, nalo linarudi kanisani likiwa na sare.

Lakini mchungaji alipasoma vibaya mahali hapo kwa sababu nyingine, isiyohusu tafsiri. Alisema makuhani walikosea kwa kuuliza. Yesu hawakemei kwa kuuliza. Anawarudishia swali juu ya ubatizo wa Yohana, kama ulitoka mbinguni au kwa wanadamu, yaani juu ya mtu ambaye hakuwa na cheo wala barua na bado umati ulimjua kuwa nabii. Wao wanapima hasara ya kila jibu, kisha wanasema hawajui. Hapo ndipo naye anakataa kuwajibu. Walioficha walichokijua ni wenye ofisi. Mama na wenzake waliomba kuona daftari. Kama ni lazima kumtafutia kila mtu nafasi yake katika kisa kile, sidhani kwamba akina mama ndio waliokuwa makuhani.

Ukirudi sura moja nyuma, Mathayo 20:25, Yesu anaeleza jinsi wakubwa wa mataifa wanavyowakalia watu wao, na Mathayo anatumia kitenzi kilichoundwa kwa neno lile lile exousia, kikiwa na kiambishi cha mbele chenye maana ya kukandamiza kuelekea chini. Union inasema kutumikisha. Ni fasiri nzuri kwa maana, lakini ule undugu wa maneno umekatika. Kwa hiyo hatuoni kwamba Yesu anataja namna mbili za kitu kimoja, na moja anawakataza wanafunzi wake kabisa.

Basi nini kifanyike? Sipendekezi neno moja kila mahali. Nimeonyesha kwamba swali la hekaluni lingeharibika. Ningependa uweza, lililoko katika Marko 1:27, lisogezwe hadi 1:22 na hadi Mathayo 7:29 na 10:1, kwa kuwa linafanana na obuyinza kwa umbo na linamruhusu msomaji aone kurudia kwa Marko. Mwalimu wangu anasema mtu mwenye uweza ataonekana mwenye nguvu tu, asiye na haki. Huenda. Tumeliacha hapo.

Liko lakini fungu moja ambalo sitaki kulimaliza bila kulitaja, Yohana 1:12. Waliompokea Yesu, wote, wanapewa kitu ili wawe watoto wa Mungu. Union na Habari Njema zinasema uwezo, na kwa miaka yote niliyosali kwa Kiswahili nililielewa kama nguvu fulani ya moyoni. Kwa Kigiriki ni exousia. Hakuna mtumishi wala mweka hazina katika sentensi hiyo. Ni kila aliyepokea. Nilipokwenda nyumbani likizo nilimwonyesha mama katika Biblia yake. Aliweka kidole juu ya obuyinza, akaniuliza kama ndilo lile la Mathayo 28. Nikamwambia ndilo. Akaniomba kalamu.