Pongezi kwa Walimu wa Anga za Juu

Yastahiki sifa kazi ya ualimu, ambayo haikukoma hata pale Christa McAuliffe, mwalimu wa Marekani aliyeazimia kusomesha kutoka angani, alipofariki pamoja na wenzake sita katika chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Barbara Morgan, mwalimu mwenziwe aliyeteuliwa kuwa mbadala wake, alistahimili kwa subira njema hata Agosti 2007, alipopaa kwa chombo cha Endeavour, akazungumza na watoto wa Idaho na kuwabainishia jinsi binadamu wanywavyo maji yanayoelea na wafanyavyo mazoezi mahali miili isipohisi uzito. Elimu iliyogharimu roho saba ni amana. Walimu walioitimiza wanastahili heshima na shukrani zetu.