Pongezi kwa Mafundi wa Injini za Mashua

Koboko, Uganda, haina ziwa wala bandari. Ukitaka mashua, shika njia ya Yumbe na Moyo mpaka Laropi, au teremka kupitia Arua hadi Rhino Camp, ukutane na Naili. Huko ndiko waliko mafundi ninaowapongeza leo.

Mletee fundi wa huko injini kuukuu ya Yamaha iliyolala miaka. Hatakuuliza kwanza una shilingi ngapi. Atafungua skrubu ya chini ya gia boksi na kuchunguza oili: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na ugonjwa ni sili. Kisha pampu ya maji. Mapezi yake ya mpira huliwa na mchanga wa mto. Yakiisha injini hupata joto, pistoni ikakwama. Kipuri hicho kidogo huokoa injini nzima. Mwenye haraka hununua pistoni na kusahau pampu, akarudi kulia.

Mbao za mashua nazo hutiwa kalafati upya, pamba ikishindiliwa katikati ya maungio.

Wapo wanaotamani boti za kitajiri, injini ndani na mguu wa gia nje. Kwetu ni gharama tupu! Injini ya kufunga nyuma huinuliwa na watu wawili ikapelekwa kwa fundi.

Basi ndugu msomaji, kazi ikikamilika mlipe fundi siku hiyo hiyo, na usimhimize afunge injini kabla hajaijaribu majini.